Visiwa vya Nekesa

Juzi tuliletewa kalenda za mwaka ujao ofisini, zile ndefu za ukutani, zimeviringishwa ndani ya mirija ya karatasi ngumu. Mwenzangu akafungua moja juu ya meza yangu, na ile harufu ya wino na karatasi ya kung'aa ikanipanda puani hata kabla sijaona picha. Nikainuka nikaenda kunywa maji. Nilikuwa nimekasirika, tena nimekasirika kweli, na nilikunywa glasi nzima kabla sijajua nimemkasirikia nani.

Sasa najua, na ndiyo sababu naandika. Familia yetu ina hadithi ambayo lazima isimuliwe kila watu wakikutana, iwe ni ubatizo au chakula cha kumuaga mtu baada ya ibada kule Abu Hamour, hapa Doha. Msimulizi ni Baba. "Mnamwona huyu?" huanza, akininyooshea kidole juu ya sahani za chakula. "Huyu alidhani kwao ni Japani!" Watu hucheka mpaka wanashikana mabega. Nami nimecheka nao miaka yote, kwa adabu tu, maana ukikataa kucheka unaambiwa umeanza kujiona. Lakini Baba huikatia hadithi pale kicheko kinapopanda, kana kwamba baada ya hapo hakukutokea kitu. Leo nitaisimulia mimi, na nitaifikisha mwisho wake.

Tulikaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tatu, juu ya bakala, duka dogo la vyakula, na fundi wa kushona. Mama alikuwa muuguzi katika kliniki ya watu binafsi. Baba alikuwa mtunza stoo katika kampuni iliyofanya kazi na wahandisi wa Kijapani, watu wa mitambo ya gesi, na kila mwisho wa mwaka wahandisi hao waligawa kalenda. Mwaka mmoja Baba akarudi na mrija chini ya kwapa. Mama akaitundika kalenda sebuleni, mkabala na dirisha, na nawahakikishia ilikuwa na mambo mengi ya kutazama kuliko dirisha lenyewe, lililoangalia mashine ya kiyoyozi ya jirani na waya za nguo.

Kila mwezi ulikuwa na picha yake. Februari kulikuwa na daraja jekundu limeruka kutoka nchi kavu hadi kisiwani, na maji ya kijani yakizunguka chini yake. Machi palikuwa na kilima chenye uzio wa mbao, watu wenye kofia wamesimama hapo wakitazama chini, na huko chini visiwa, visiwa, visiwa, vidogo vidogo, vimejaa miti mpaka ukingoni, huoni hata mahali pa kuweka mguu. Mei ulikuwa mnara mweupe wa taa kwenye ncha ya jabali refu la kutisha. Julai ilikuwa ufuo wa mchanga mweupe usio na mtu hata mmoja. Na Agosti, mwezi wetu, ilikuwa na kanisa. Kanisa dogo juu ya ghuba tulivu, mlima wa kijani nyuma yake, na juu ya paa lake msalaba, waziwazi, mchana kweupe.

Ninyi mliokulia Doha kama mimi mtaelewa upesi, wengine mnivumilie. Sisi tulisali Abu Hamour, ndani ya uwanja wenye ukuta, katika majengo ambayo kwa nje hayana msalaba. Ndivyo ilivyo huku, na mtoto haulizi kwa nini. Lakini Mama alikuwa na msemo wake kila tukishuka kwenye gari: "Kwetu msalaba unauona ukiwa bado barabarani." Kwetu, kwetu. Mimi, Nafula, jina la mtoto wa mvua, nilizaliwa hapa ambapo mvua huja kama mgeni asiye na habari za kutosha kukaa. Kwetu sikuwahi kufika. Basi nilipoona msalaba ule juu ya paa, nikajua.

Tena nilikuwa na ushahidi. Chini ya kila picha palikuwa na maandishi. Herufi za Kiingereza nilikuwa nazijua, na za Kiarabu shuleni walikuwa wametufundisha, na maandishi haya hayakuwa ya Kiingereza wala ya Kiarabu. Nyumbani kwetu kulikuwa na lugha ya tatu, Kibukusu, ambayo wazazi wangu walizungumza mlango ukifungwa, wakitaka nisielewe. Nikajiambia: lugha yetu huandikwa hivi. Niliona fahari kwamba tulikuwa na herufi nzuri kuliko watu wote darasani.

Na kulikuwa na Mama mwenyewe. Likizo yake ilikuwa Agosti. Kila Ijumaa tukitoka ibadani alivua viatu, akaenda ukutani, akainua kurasa zote mpaka Agosti, akahesabu wiki kwa kidole kisha akabaki amesimama. Alikuwa anaangalia tarehe. Nilidhani anaangalia kanisa. Mara moja nilimsikia akisema polepole, "Nitafika tu."

Nikamuuliza. Msidhani sikuuliza! Hilo ndilo Baba hulisahau kila mara. Nilisimama mlangoni mwa jiko nikauliza, "Mama, Kukhu anasali kwa hili kanisa?" Kukhu ni bibi, mama yake Mama. Mama alikuwa anakaanga vitunguu, simu imebanwa begani. "Eeh," akasema. Wiki hiyohiyo Baba alikuwa ametupeleka The Pearl kutembea, akatuambia hiki ni kisiwa kilichotengenezwa na watu, wamemwaga mchanga na mawe baharini mpaka kikatokea. Kwa hiyo nikauliza tena, "Na visiwa vya kwetu, nani alitengeneza?" Mama hakugeuka. "Mungu," akasema. Nikaondoka nimeridhika kabisa.

Mpaka leo nikisikia mtu mzima anamjibu mtoto "eeh" bila kumtazama, damu inanichemka. Eeh ni nini? Mtoto ameleta swali analolibeba siku tatu, nawe unampa eeh. Najua Mama alikuwa amechoka. Alikuwa anasimama zamu ya saa kumi na mbili mfululizo. Lakini usimpe mtoto eeh halafu umcheke kwa miaka kumi na tano kwa sababu aliiamini.

Na sasa Nekesa, ambaye katika hadithi ya Baba hana hata jina. Nekesa ni dada yangu. Mama alipoajiriwa Doha, Nekesa alikuwa na miaka mitatu, akaachwa Kitale, Kenya, kwa Kukhu, kwa muda, mpaka mambo yatulie. Kisha Baba akafuata, nikazaliwa mimi. Kisha Nekesa akaanza shule, ikaonekana si vizuri kumkatiza. Kisha shule za huku zikawa ghali, nyumba ikawa ndogo, vibali vikawa na shida. Mambo hayakutulia. Mimi nilikuwa na miaka sita, yeye kumi, na hatukuwa tumeonana hata siku moja. Nilimjua kwa sauti, Ijumaa jioni, dakika chache kila mtu baada ya Mama kumaliza machozi yake.

Tulikuwa hatuna la kuambiana. Aliniuliza nimekula nini, nikamwambia. Nikamuuliza amekula nini, akasema ugali. Ndipo kalenda ikaja, na kwa mara ya kwanza nikawa na swali.

"Nekesa, leo umeona visiwa?"

"Visiwa gani?"

"Si ni vile vyenu. Vile viko chini ya kanisa."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anapasua kuni.

"Eeh, nimeona," akasema.

"Ni ngapi?"

"Ni mingi. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa."

Siku hiyo tulizungumza mpaka kadi ya simu ikaisha. Ijumaa iliyofuata nilikuwa wa kwanza kushika simu. Nilimuuliza kama amevuka daraja jekundu, akasema amevuka, tena mara mbili, alikuwa ametumwa chumvi. Nilimuuliza kuhusu mnara wa taa, akasema huko haruhusiwi, ni kwa watu wakubwa. Visiwa vya Nekesa vilikuwa na mambo ambayo hayakuwa kwenye kalenda: kimoja kilikuwa na ng'ombe waliopelekwa huko asubuhi kwa mashua wakarudishwa jioni, kingine kilikuwa na kinu cha kusagia mahindi, na watu walipanga foleni majini. Sikushtuka. Ningeshtuka vipi? Kwetu ni kwetu.

Mama na Baba walikuwa wanasikia. Walikuwa wamekaa palepale kwenye kochi. Nakumbuka Baba akimgusa Mama kwa kiwiko, Mama akiziba mdomo kwa kitambaa, kisha wakaambiana kitu kwa ile lugha ya herufi nzuri. Iliwachekesha, wakaiacha iendelee. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto wa miaka kumi, aliyeko katikati ya mashamba ya Kitale, mamia ya kilomita kutoka baharini, anasema uongo kila Ijumaa kwa moyo wote namna ile.

Agosti ikafika. Sanduku lilikuwa limefungwa: mablanketi, maziwa ya unga, mafuta ya kujipaka, viatu vya Nekesa vilivyonunuliwa kwa kukisia. Siku nne kabla ya safari Mama akarudi kutoka kazini, hakuvua sare, akakaa juu ya sanduku. Wauguzi wawili walikuwa wameacha kazi, na msimamizi amemwambia avumilie. Likizo ilikuwa imekwisha kusainiwa. Tiketi zilikuwa kabatini. Lakini enzi zile hukutoka nchini bila mwajiri kukuandikia ruhusa, na ruhusa msimamizi alikuwa ameirudisha kwenye droo yake. Alimwambia Mama anamtegemea kwa sababu yeye si mtu wa kulalamika. Nawauliza, hiyo ni sifa? Mtu anakunyang'anya mtoto wako kwa kukusifu?

"Khalas, imekwisha," Baba alisema. "Tutaenda Desemba."

Ijumaa ile Mama alishindwa kuzungumza, akanipa simu mimi. Nikamwambia Nekesa hatuji, Mama amekatazwa.

"Kuna kisiwa kipya," akasema. "Kimetokea juzi. Kina farasi."

"Farasi wa ukweli?"

"Wawili. Mmoja ni wako. Lakini lazima ukuje, hakubali mtu mwingine."

Desemba likizo ikaahirishwa tena. Ijumaa hiyo Nekesa akaongeza samaki wakubwa wanaoruka, na bembea kwenye ule uzio wa mbao kilimani, unaruka nayo juu ya maji na kurudi. Mwaka ukaisha na kalenda haikushushwa. Baba aliweka nyingine chini yake, ya tarehe tu, bila picha. Mimi niliendelea kulala na kuamka nikimwaza farasi wangu, anakua bila mimi.

Agosti iliyofuata tukaenda. Hapa ndipo Baba huwa anainua sauti. Anasimulia jinsi nilivyokataa kulala ndani ya gari la Mjomba kutoka Eldoret, uso kwenye kioo, nikiuliza kila kilima kama bahari iko nyuma yake. Jinsi tulivyofika, matope mpaka kwenye kifundo cha mguu, mahindi kila upande yamepita kichwa cha mtu, nami nikasimama katikati ya ua na koti langu jipya nikauliza, mbele ya ukoo mzima uliotoka kutulaki, "Bahari iko wapi?" Mjomba alijipiga paja. "Bahari! Hapa Kitale!" Ndipo wakajua habari yote, ya kalenda, ya kanisa, ya daraja jekundu, na watu wakacheka hadi Kukhu akakaa chini. Hadithi ya Baba inaishia hapo.

Lakini mlangoni mwa jiko alikuwa amesimama msichana mwenye gauni la kanisani, nywele zimesukwa upya, miguu imepakwa mafuta, amesubiri tangu asubuhi. Nilimtambua kwa kuwa alikuwa ana uso wa Mama. Nilivuka ua wote nikasimama mbele yake, na neno langu la kwanza kumwambia dada yangu uso kwa uso, baada ya miaka saba ya kuwa dada yangu, lilikuwa, "Mwongo!"

Nilirudia mara tatu. Watu walizidi kucheka. Nekesa aliangalia miguu yake, kisha akaingia jikoni kutuletea chai.

Siku mbili sikumsemesha. Nililala na Mama, nikamwachia Nekesa kitanda alichokuwa ametandika kwa watu wawili. Siku ya tatu, asubuhi, Kukhu akaanza kuwasha moto, na Nekesa akanishika mkono bila kuniuliza. Nje kulikuwa na baridi ambayo sikuwahi kuijua, na ukungu mzito. Tukapita katikati ya mahindi, yananimwagia umande shingoni, mpaka kwenye shamba la jirani palipokuwa na tangi la maji juu ya nguzo za mbao. Lilikuwa na ngazi. Akapanda, nikapanda.

Juu hapo tulikuwa tumetokeza nje ya ukungu. Ulikuwa umelala juu ya mashamba yote, mweupe, umetulia, hakuna hindi moja lililoonekana. Kilichoonekana ni vichwa vya miti: mikaratusi ya nyumba hii, kijisitu cha shule kule, miti ya boma la mbali, kila kundi peke yake, na weupe ukivizunguka.

"Ndiyo hizo," Nekesa akasema.

Nikatazama.

"Niliuliza mwalimu kisiwa ni nini, akasema ni mahali pamezungukwa na maji pande zote. Hapa hatuna maji. Kwa hivyo kila Ijumaa asubuhi nilikuwa napanda hapa kwanza, ndio nijue cha kukwambia."

"Mbona hukusema ni mahindi tu?"

Akaanza kubandua rangi kwenye tangi kwa ukucha. Aliponijibu hakuniangalia.

"Nilifikiria mkijua ni mahindi tu, hamtakuja."

Sasa nichekesheni. Mtoto wa miaka kumi aliona kwamba mama yake haji, na hakuna mtu aliyemweleza habari za msimamizi na droo yake kwa namna ambayo angeielewa. Akafikiri kosa ni la mahali. Akafikiri kwao hapatoshi. Basi akajitwika kazi ya kupapamba: kila likizo ikiahirishwa yeye anaongeza kisiwa, anaongeza farasi, anaongeza bembea, kama mwenye duka anayeongeza bidhaa dirishani. Na sisi kwenye kochi Fereej Bin Mahmoud tunaburudika. Nina hasira na msimamizi yule, ambaye nasikia alistaafu kwa sherehe na keki. Nina hasira na utaratibu uliomruhusu. Lakini naomba Baba anisamehe, nina hasira pia na kile kicheko, na ninajihesabu mimi mwenyewe ndani yake.

Ukubwani niliitafuta ile picha ya Agosti. Ni pwani ya magharibi ya Japani, Hifadhi ya Taifa ya Saikai. Vile visiwa vya chini ya kilima, jina lake ni hesabu ya tisini na tisa, lakini ni zaidi ya hapo, nadhani aliyehesabu alishindwa. Makanisa ya visiwa vile yalijengwa na watu ambao wazee wao walisali kwa kujificha vizazi na vizazi. Nilimtumia Nekesa picha. Yuko Kitale, ana watoto wawili, na Doha hakuwahi kuletwa hata kwa wiki moja. Akajibu kwamba ni pazuri, lakini ng'ombe wako wapi. Nilipompigia kumuomba ruhusa ya kuandika haya, alisema, "Andika. Lakini usimtusi Mama." Nimejitahidi.

Basi mwisho wenyewe ni huu. Tulikaa wiki tatu. Nililala kwenye kile kitanda cha watu wawili, nilichoma mahindi mabichi mpaka vidole vikawa vyeusi, na kwenye tangi tulipanda kila asubuhi, ukungu uwepo usiwepo. Siku ya kuondoka ukoo ukajaa uani tena. Masanduku yakapakiwa. Mama akamshika Nekesa mashavu kwa mikono yote miwili, akisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Usilie, mama yangu. Mwakani tunakuja kukuchukua. Uko na neno langu."

Nekesa akaitikia kwa kichwa. Aliamini, nilimwona anaamini, tayari alikuwa ameanza kuhesabu.

Mimi nilikuwa nimeshapandishwa kwenye gari. Nikatoa kichwa dirishani, nikalitoa lile neno kwa nguvu zangu zote, mara hii nikimtazama Mama.

"Mwongo!"

Hakuna aliyecheka. Mama alikuja mpaka dirishani akanizaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwangu, kisha akasimama pale ameushika mkono wake kana kwamba yeye ndiye aliyepigwa. Baba aliniambia niombe msamaha. Nilikataa mpaka Eldoret, nilikataa ndani ya ndege, na sijaomba mpaka leo.

Mwaka uliofuata likizo iliahirishwa.